Akosaye la Mama: Habari ya Petroli ya Ndege

Wazee wetu walisema, "Akosaye la mama hata la mbwa huamwa." Ni methali ya kweli, na katika mambo mengi ya nyumbani yatufaa. Aliyekosa mchele hula muhogo. Aliyekosa sabuni hufulia majivu. Aliyekosa gari huenda kwa baiskeli, na asiye na baiskeli huenda kwa miguu, naye hufika. Lakini liko jambo moja ambalo methali hii, isipotumiwa kwa akili, yaweza kuua watu. Jambo hilo ni petroli ya ndege ndogo, hizi ziletazo madaktari na dawa katika viwanja vyetu vya majani.

Nimeona yafaa niandike habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza, katika vijiji vilivyo karibu na kiwanja cha ndege watu huuliza swali lile lile: "Kwa nini rubani akiishiwa mafuta hataki petroli ya dukani? Je, si petroli ile ile inayoendesha lori na pikipiki?" Ya pili, mimi ni karani wa parokia, na pamoja na vitabu vya ubatizo na ndoa ninatunza ufunguo wa kibanda kidogo penye pipa la petroli ya ndege. Basi swali hilo huletwa mezani kwangu mara nyingi kuliko mengine yote, isipokuwa lile la vyeti vya ubatizo vilivyopotea.

Kwanza tuitazame injini yenyewe. Injini ya ndege ndogo haina uchawi. Ni ndugu ya injini ya gari. Ina silinda, na ndani ya silinda mna pistoni ipandayo na kushuka. Pistoni ikishuka huvuta hewa iliyochanganyika na mvuke wa petroli. Ikipanda huushindilia mchanganyiko huo mahali padogo. Kisha plagi hutoa cheche, moto huwaka, nao huisukuma pistoni chini kwa nguvu. Nguvu hiyo ndiyo izungushayo panga la mbele.

Kila aliyepata kutia upepo katika tairi la baiskeli ajua jambo hili: ukipiga pampu kwa bidii, sehemu yake ya chini hupata moto. Hakuna aliyeiweka jikoni. Hewa yenyewe ikishindiliwa hupata joto. Ndivyo ilivyo ndani ya silinda. Kadiri mchanganyiko ushindiliwavyo, ndivyo injini itoavyo nguvu zaidi, na ndivyo joto linavyozidi. Sasa mfikirie mtu achomaye majani ya shamba lake. Huwasha upande mmoja, na moto hutembea kwa utaratibu mpaka upande wa pili. Huo ni moto mwema. Lakini tuseme moto ukiwa bado katikati ya shamba, majani ya mwisho kabisa yanashika moto yenyewe kwa joto tu, yote kwa mara moja, kwa kishindo. Moto wa namna hiyo si wa kulima nao, ni maangamizi. Katika silinda hutokea vivyo hivyo: cheche imekwisha washa upande mmoja, moto umeanza kutembea, mara petroli iliyobaki pembeni inalipuka yenyewe. Mafundi husema injini inagonga.

Gari likigonga, dereva husikia. Hasa likipanda mlima na mzigo mzito, husikia sauti kama ya changarawe katika kopo, naye hupunguza mafuta. Rubani hasikii, kwa kuwa kelele za panga na upepo humziba masikio. Huku mapigo yale yanaendelea, joto linapanda, na pistoni ya alumini yaweza kuyeyuka na kutoboka. Tena hatari hiyo ni kubwa zaidi wakati injini inapotoa nguvu zake zote, yaani wakati wa kuruka, ndege ikiwa chini, imejaa watu, na miti iko mbele yake.

Sasa neno okteni. Watu wengi hudhani okteni ni nguvu ya petroli, kama pilipili ilivyo kali au si kali. Sivyo. Okteni ni kipimo cha uvumilivu wa petroli, yaani imeweza kushindiliwa kiasi gani bila kulipuka yenyewe. Kipimo hiki kilianza Marekani katika miaka ya 1920. Wataalamu walichukua vimiminika viwili safi: kimoja, isookteni, kilivumilia sana, wakakipa 100, cha pili, heptani, hakikuvumilia, wakakipa 0. Petroli ivumiliayo sawa na mchanganyiko wa sehemu 95 za kile cha kwanza na sehemu 5 za kile cha pili huitwa ya okteni 95. Basi, petroli ya namba kubwa haimwongezei nguvu mwenye pikipiki ambaye injini yake haikuihitaji. Lakini injini inayoihitaji, ikikosa, huharibika.

Hapa msafiri yampasa kuwa na macho mawili. Namba iliyoandikwa kwenye pampu ya petroli hapa kwetu, na huko Ulaya, hupimwa kwa njia nyepesi kidogo. Wapimaji wa petroli ya ndege hutumia njia ngumu zaidi. Petroli ya gari iitwayo 95, ikipimwa kwa njia ngumu, huonyesha karibu 85 tu. Huko Marekani pampu za magari huandika wastani wa vipimo vyote viwili, kwa hiyo petroli ile ile hupata namba nyingine tena. Rubani aliye mbali na nyumbani akiona 95, akasema moyoni, "Hii na 100 ni majirani," amekosea hesabu. Ziko mbali kama kijiji na mji.

Petroli ya ndege itumikayo sana duniani ni ya okteni 100, nayo hutiwa rangi ya buluu ili ijulikane kwa macho. Ile ya zamani ya okteni 80 ilikuwa nyekundu. Mafuta ya ndege kubwa za jeti ni jamaa ya mafuta ya taa. Hayana rangi hizo. Yakitiwa katika ndege ya petroli ni mauti: injini huwaka kwa petroli iliyobaki katika mabomba, ndege huruka, kisha hufa hewani.

Sasa niwaeleze jambo lililotokea kwetu, maana ndilo lililofanya ufunguo ule uje mikononi mwangu.

Miaka michache iliyopita, wakati wa masika, ndege ya madaktari ilitua kumchukua mama mmoja aliyejifungua kwa shida, naye alikuwa ametokwa damu nyingi. Rubani, kijana Mtanzania, alikuwa ametoka mbali. Mawingu yalimlazimisha kuzunguka, akatumia petroli zaidi ya alivyokusudia. Hakuwa na wasiwasi, kwa kuwa alijua kwetu kuna pipa la akiba. Siku zile pipa lilikaa kando ya kiwanja, katika kibanda kisicho na kufuli. Alipolifikia alikuta lakiri ya kifuniko imekatwa. Akachota kidogo kwa kikombe cha kioo, akakiinua juani. Rangi ya buluu ilikuwa imepauka. Akaomba karatasi nyeupe. Nikampa kutoka daftari langu. Akadondosha tone moja. Petroli safi ya ndege hukauka upesi isiache kitu. Tone hili liliacha alama ya mafuta, kama karatasi iliyofungiwa maandazi. Hapo hata sisi tusio mafundi tukaelewa: mtu alikuwa amechota petroli ya ndege kwa matumizi yake, akajazia pipa kwa petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa.

Katika nchi yetu uchafu huu tumeupa jina: kuchakachua. Ulipozidi, serikali ilianza mwaka 2010 kutia alama ya siri katika mafuta, watu wakaiita vinasaba, ili wachanganyaji wakamatwe. Lakini vinasaba havilindi dumu lililo nyuma ya duka kijijini, wala pipa lisilo na kufuli. Na mafuta ya taa, hata yakiwa machache, huishusha okteni ya petroli.

Mwenye duka, kwa moyo mwema, akaleta madumu mawili ya petroli yake mwenyewe. Mzee mmoja, jamaa ya mgonjwa, akamwambia rubani, "Mwanangu, akosaye la mama hata la mbwa huamwa. Tia hii, umpeleke binti yetu."

Rubani akamjibu kwa upole, "Baba, naona uchungu kama wewe. Lakini nikitia petroli hiyo, injini itawaka vizuri hapa chini, inidanganye. Itakuja kuniangusha pale mwisho wa kiwanja, na binti yako akiwa nyuma yangu."

Watu walinung'unika sana. Njia ya barabara ilikuwa tope tupu, na muuguzi wa zahanati alisema mama yule hataweza kuvumilia kurushwarushwa garini. Jua likawa linatua, na kiwanja chetu hakina taa. Ikabidi gari litumwe mjini usiku ule ule kuleta pipa jipya. Muuguzi alikesha na mgonjwa, dripu mkononi, taa ya chemli juu ya kiti. Gari lilirudi alfajiri, limetapakaa tope mpaka kwenye vioo. Ndege iliruka kulipopambazuka. Mama yule alipona, na mtoto wake leo yumo darasa la pili. Lakini usiku ule ulikuwa mrefu kuliko ulivyopasa kuwa, na ulirefushwa na lita chache za pikipiki ya mtu.

Kwa muda mrefu baadaye nilisikia watu wakisema, "Rubani yule alithamini injini kuliko mtu." Ndugu wasomaji, tuipime kauli hiyo. Ndege ile ilikuwa Cessna 206. Injini yake ni ya nguvu za farasi 300, nayo hushindilia mchanganyiko wa debe nane na nusu katika nafasi ya debe moja. Kitabu cha waliyoitengeneza kimeandika kwamba isitiwe petroli iliyo chini ya okteni 100. Ikiharibika gari, dereva husimama kando ya njia. Ikiharibika ndege juu ya msitu, hakuna kando ya njia. Kumpakia mgonjwa katika ndege ya namna hiyo si kumhurumia. Ni kuongeza maiti ya pili na ya tatu.

Wako wengine, hasa vijana waliosoma kidogo mambo ya injini, wanaoniuliza hivi: "Ndege ina matangi mawili, moja katika kila bawa. Kwa nini asitie petroli nzuri tangi la kulia na hafifu tangi la kushoto, aruke kwa lile zuri, kisha akiwa juu, injini imetulia, ageuze kwa lile baya?" Swali hili si la mpumbavu, kwa kuwa ni kweli injini ikitulia haigongi upesi kama ikitoa nguvu zote. Lakini nililipeleka kwa fundi mmoja wa ndege, naye akaniuliza, "Kwenu hakuna ng'ombe?" Maana yake ni hii: rubani anakuja kutua, yuko karibu kugusa majani, mara kundi la ng'ombe linaingia kiwanjani. Hapo lazima apandishe tena kwa nguvu zote, papo hapo. Je, akiwa na petroli hafifu katika mabomba? Safari haina saa ambayo rubani aweza kuapa kwamba hatahitaji nguvu zote. Ndiyo maana kitabu hakikuandika "isipokuwa ukiwa juu."

Hata hivyo, haifai kusema kwamba petroli ya gari haingii kamwe katika ndege. Ziko injini zilizotengenezwa kwa uvumilivu mdogo. Cessna 150, ndege ya watu wawili iliyofundishia marubani wengi duniani, ina injini ya nguvu za farasi 100 ishindiliayo debe saba tu katika moja, nayo iliwekewa petroli ya okteni 80. Petroli hiyo ilipoanza kuadimika, wenye ndege hizo walipata taabu mbili: waikose kabisa, au watumie ile ya 100 yenye risasi nyingi zaidi, ambayo huchafua plagi za injini ndogo. Basi chama cha warukaji wa Marekani kiitwacho EAA kilifanya majaribio ya muda mrefu, na mwaka 1982 kikapata kibali cha serikali cha kutumia petroli ya gari katika Cessna 150. Baadaye vibali vya ndege nyingine vilifuata. Tena ziko injini mpya kutoka Austria, ziitwazo Rotax 912, zilizobuniwa kutumia petroli ya gari: ile ya nguvu 80 huhitaji okteni 90, na ile ya nguvu 100 huhitaji 95, kwa kipimo cha pampu zetu.

Tazameni njia waliyopita watu hao. Hawakujaribu siku ya shida, mgonjwa akiwa kiwanjani. Walijaribu kwao, kwa siku nyingi, wakapima, wakaandika, ndipo wakaruhusiwa. Tena kibali hutazama ndege nzima pamoja na injini yake. Petroli ya gari hugeuka mvuke upesi. Penye joto, mvuke huo waweza kuziba bomba na injini ikakosa mafuta. Katika nchi nyingine huchanganywa na spiriti, ambayo hunywa maji na kula mipira ya mabomba. Kwa hiyo rubani mwenye kibali naye bado huuliza petroli imetoka wapi, imekaa siku ngapi, na katika chombo gani.

Wengine wameikimbia taabu hii kwa kubadili ndege. Petroli ya ndege ni ghali na ni adimu katika Afrika Mashariki, lakini mafuta ya jeti hupatikana penye kila kiwanja kikubwa. Ndege kama Cessna Caravan, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1982, hutumia mafuta hayo ya jeti, na ndiyo sababu moja ya kuiona sana katika viwanja vyetu. Lakini bei yake ni kubwa, na ndege ndogo za petroli bado zina kazi.

Yapasa niseme neno juu ya risasi pia, kwa ajili ya akina mama. Petroli ya buluu ya okteni 100 hupata uvumilivu wake kwa kutiwa risasi, na risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Petroli ya magari yenye risasi ilikwisha duniani mwaka 2021, nchi ya mwisho ikiwa Algeria. Ndege ndogo zimechelewa kuiacha kwa sababu ya injini zile zenye masharti. Mwaka 2022 wakuu wa anga wa Marekani waliidhinisha petroli moja ya okteni 100 isiyo na risasi, lakini kuisambaza duniani ni kazi nyingine. Kwa hiyo petroli ya buluu isiletwe nyumbani. Isioshewe mikono wala nguo, isiwashiwe moto, na dumu lake lisichotewe maji ya kunywa. Na anayeiba kwa pikipiki yake ajue kwamba haimpi mwendo hata kidogo. Anachukua uvumilivu asiouhitaji.

Basi twaweza kufanya nini sisi tusio marubani? Kwetu, baada ya usiku ule, tulikubaliana mambo matatu na wazee wa kijiji. Pipa linakaa kibandani kwa kufuli, limelazwa upande ili maji ya mvua yasikae juu ya kifuniko, na ufunguo u parokiani. Kila lita iingiayo au kutoka huandikwa kitabuni, tarehe na saini ya rubani, na shahidi mmoja wa kijiji. Lakiri ikionekana imeguswa, pipa lote huhesabiwa limeharibika, hata kama rangi yake ni nzuri, na wenye ndege hupewa habari siku ile ile, ili rubani asije akilitegemea.

Jambo la tatu ndilo lililoleta ubishi mwingi, kwa kuwa pipa zima ni lita 200, na kulikataa kwa sababu ya lakiri tu kulionekana ni hasara. Mzee yule yule aliyemwambia rubani ile methali ndiye aliyeukata ubishi. Alisema, "Maziwa ya mama hujulikana yametoka wapi. Haya hatujui." Kitabu kile kiko mezani kwangu, kando ya kile cha ndoa, na anayetaka kukisoma aje siku yoyote ya kazi.